Waya wa chaja: namna ya kuuchagua, kuupima na kuufanya udumu

Mtu akifika mezani kwangu, jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, akaniambia "dada fundi, simu imekufa sistimu chaji", swali langu la kwanza ni hili: waya uko wapi? Wengi hawaji nao. Wameuacha nyumbani, Kisasa huko au Ihumwa, na wako tayari kulipia sistimu mpya wakati ugonjwa wenyewe umelala kitandani kwao.

Kwa hiyo anza nyumbani. Azima waya wa mwenzako unaojua ni mzima, uchomeke kwenye kichwa chako (kile cha kuingiza kwenye soketi ya ukutani) na simu yako. Chaji ikiingia vizuri, mbovu ni waya wako. Isipoingia, rudisha waya wako, sasa badilisha kichwa. Kimoja kimoja, ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kipi kilikuwa kibaya. Na kama vyote ni vizima na simu bado inagoma, chungulia tundu kabla hujatoa hela kwa fundi, hata kama fundi huyo ni mimi.

Tundu la simu hapa kwetu lina kesi yake. Kiangazi upepo ukishika kasi, vumbi linaingia mfukoni, linashikana na nyuzi za nguo, na kila unapochomeka waya unalishindilia chini. Dalili utaziona: waya hauzami mpaka mwisho, pini inabaki imechomoza kidogo, ukiinua simu waya unadondoka wenyewe. Zima simu. Mulika kwa tochi ya simu nyingine. Chukua kijiti cha meno cha mti, kichonge ncha iwe bapa, kisha kwangua taratibu pembeni mwa tundu ukivuta kuja nje. Kwenye Taipu-C, lile tundu la duaradufu ambalo pini yake huingia upande wowote, kuna ulimi mwembamba katikati, ndio wenye njia za umeme, huo usiuguse. Sindano hapana. Kupuliza kwa mdomo hapana, unaingiza mate. Donge linalotoka unaweza kulishangaa: la kijivu, gumu, ukubwa wa punje ya mtama, na simu iliyokuwa "imekufa" inaanza kuchaji hapo hapo.

Sasa tuseme waya kweli umekufa, unakwenda kununua. Ukimwambia muuzaji "nipe Taipu-C" umemtajia umbo la pini tu. Nguvu inayopita humo ni suala lingine. Kichwa, waya na simu lazima vikubaliane, na aliye dhaifu kati yao ndiye anayepanga kasi. Waya wa kawaida wenye Taipu-C pande zote mbili hubeba ampea 3, yaani mpaka wati 60 kichwa kikitoa volti 20, na hiyo inatosha simu nyingi. Kufikia ampea 5 lazima ndani ya pini kuwe na chipu ndogo inayojitambulisha kwa kichwa. Isipokuwepo, kichwa hakitoi zaidi ya ampea 3. Ndiyo maana Samsung zile kubwa zinazopokea wati 45 huja kwangu zikiwa na lawama, kumbe mwenyewe kanunua kichwa cha wati 45 halafu kakiunga na waya wa ampea 3, wakati simu hizo huchukua wati hizo kwa volti ndogo, hivyo ampea hupita 3. Kampuni nyingine, Oppo na Huawei kwa mfano, zina mitindo yao ya chaji ya haraka. Kwa waya wa mtaani simu hizo zitachaji, lakini polepole. Ukipata nafasi, tunza waya uliokuja na boksi.

Wa iPhone mjue simu yenu kwanza. Kuanzia iPhone 5 ya mwaka 2012 mpaka iPhone 14 ni Lightning, pini ya Apple wenyewe. Kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023 ni Taipu-C. Umoja wa Ulaya nao umelazimisha simu na tableti mpya zinazouzwa kwao ziwe na Taipu-C tangu Desemba 28, 2024, kwa hiyo sioni sababu ya kulimbikiza nyaya za Lightning kama unakaribia kubadilisha simu.

Jambo ambalo watu hawalitazami kabisa ni unene wa nyuzi za ndani. Waya mwembamba na mrefu ni kama mpira mwembamba wa kumwagilia bustani: maji yanatoka bombani kwa nguvu, mwisho wa mpira yanachuruzika. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye ganda la waya. Ukiona 28AWG/24AWG, AWG ni kipimo cha unene wa nyuzi: namba ndogo ndiyo yenye nyuzi nene, na hiyo 24 ndiyo njia ya umeme, 28 ni ya data. Waya wa mita moja ambao njia yake ya umeme nayo ni 28 hupoteza karibu volti 0.8 ukipitisha ampea 2, kati ya volti 5 zilizotoka kwenye kichwa. Wa mita mbili hupoteza mara mbili ya hapo. Walimu wanaoniletea vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha wakagawiwa, hulalamika kwamba kimechomekwa usiku kucha na bado hakijajaa, au asilimia zinashuka huku kinachaji. Betri ni kubwa, kioo kinawaka, na waya ni ule wa elfu mbili. Kwa kishikwambi chukua waya mfupi, mita moja, mnene. Ule mrefu wa kufika kitandani ni wa simu.

Dukani, usilipe kabla hujapima. Nenda na simu yenye chaji chini ya nusu, maana simu ikikaribia kujaa hupunguza yenyewe umeme inaopokea, utaulaumu waya bure. Chomeka, tazama kama inaandika chaji ya haraka. Kisha shika waya kwenye shingo, pale unapoingia kwenye pini, uzungushe na uupinde kidogo pande zote. Chaji ikikatika hata mara moja, rudisha. Mwenye kipimo cha USB akuonyeshe: kwenye kichwa kimoja na simu moja, waya mzuri utausoma volti 4.9 na ampea karibu 2, mbaya unashuka volti 4.3 na ampea haifiki 1. Ukitaka pia kuhamishia picha kwenye kompyuta, ujaribu hapo hapo, kwani zipo nyaya zenye nyuzi mbili tu za umeme, hazina za data. Lile ganda la kusukwa kama kamba lisikubabaishe. Ni zuri kwa msuguano, ila ndani yake panaweza kuwa na uozo uleule, na likificha mkatiko hutauona.

Kuhusu kudumu: Taipu-C na maikro (ile pini ndogo ya simu za zamani) zote zimewekewa kiwango cha kuchomekwa mara 10,000. Chomeka mara tatu kila siku, ni zaidi ya miaka tisa. Kwa hiyo kinachoua ni shingo. Wanachuo wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) hulala chali wakichati, simu kifuani, waya umejikunja chini ya simu usiku mzima. Shingo inaanza kuchanika upande mmoja. Geuza simu, pini itazame juu. Chomoa kwa kushika pini, usivute waya. Usiuviringishe kwa kuubana kwenye kichwa au pawabenki, na usiuache juu ya dashibodi juani. Bodaboda nawapa ushauri wa peke yao: nunua waya mfupi wenye pini ya kona, uufunge kwenye usukani kwa mpira ukiacha kalegevu kidogo karibu na simu, la sivyo kila tuta la barabarani linatikisa pini na mwisho linapasua risasi, ile ya kulehemu inayoshikilia tundu ndani ya simu. Hiyo ndiyo kazi ya ghali.

Selotepu kwenye waya uliochanika sikubaliani nayo. Ukiona pini imeungua rangi ya kahawia, au inachoma ukiigusa, au kuna harufu ya plastiki, ukate waya vipande viwili ndipo uutupe. Usipoukata, kuna mtu nyumbani atauokota kesho autumie.

Mwisho, spika ndogo, tochi na redio za bei rahisi zenye Taipu-C lakini zinazogoma kwa waya wa C kwa C. Siyo mbovu. Kichwa cha C hakitoi umeme mpaka kihisi rezista (kidude kidogo cha kuzuia umeme) ya omu 5,100 ndani ya kifaa, na mtengenezaji hakuiweka ili abane gharama. Tumia waya wenye USB ile pana ya zamani upande mmoja na C upande wa pili, kwenye kichwa cha kawaida. Huo hutoa volti 5 bila kuuliza kitu, kwa hiyo usiugawe hata ukihamia C kwa C kwenye simu.