Kula mgahawani Lithuania: ulizia na sosi

Ndugu zangu mnaokuja kusoma Kaunas au Vilnius, hasa Waislamu wenzangu: ukiingia mgahawani, kusema huli nguruwe hakutoshi. Narudia, hakutoshi.

Niliagiza cepelinai, madonge ya viazi vya kukwangua ambayo kwa kawaida hujazwa nyama ya kusaga. Nikamwambia mhudumu sili nguruwe, nikachagua yenye varškė, jibini laini ya maziwa mgando. Sahani ikaja imemwagiwa krimu chachu, na juu yake vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa na vitunguu, bado vinachuruzika. Kuuliza, nikajibiwa kwamba ndani hamna nguruwe. Na kweli, ndani hamkuwa na nguruwe! Bili nililipa nzima, tumbo tupu.

Vipande hivyo ni spirgučiai, na huwekwa hata kwenye vyakula ambavyo menyu haitaji nyama. Kwa hiyo sema “be kiaulienos”, bila nguruwe, halafu ongeza “be spirgučių”. Kisha uliza sosi. Kisha uliza mafuta ya kukaangia. Vėdarai usiagize kabisa: ni viazi vilivyoshindiliwa ndani ya utumbo wa nguruwe.

Shangazi zangu huniambia, “Mwanangu, Ulaya si kila kitu kimeandikwa?” Shangazi, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka wataje vitu 14 vinavyoleta mzio: maziwa, mayai, samaki, karanga na vinginevyo. Nguruwe hayumo.

Kwetu Mombasa mwenye hoteli akikuona na buibui anakuonya kabla hujaketi. Mlithuania hakisii shida yako, wala hamchekei mgeni ovyo. Ukimuuliza anakujibu kweli tupu, lakini lile uliloliuliza tu. Mimi siioni kuwa dharau, ila inachosha.

Mengine ni mepesi: kadi inapokelewa karibu kila mahali, bahashishi ni kama asilimia 10 ukiridhika, na mchana siku za kazi tafuta “dienos pietūs”, yaani chakula cha mchana cha siku hiyo, ni nafuu. Gira ni kinywaji cha mkate mweusi kilichochachushwa, kina kileo kidogo.

Mimi siku hizi naagiza šaltibarščiai, supu baridi ya kefir (maziwa yaliyochachushwa) na bitiruti, yenye rangi ya waridi, inayoletwa na viazi moto kando. Ukifika Trakai, mji mdogo karibu na Vilnius, utakutana na kibinai za Wakaraimu, jamii ndogo ya huko yenye lugha ya jamii ya Kituruki; zinafanana na sambusa nene. Asili yake ni nyama ya kondoo, “aviena”, lakini siku hizi ziko pia za “kiauliena”, yaani nguruwe, na kwa nje zote ni sawa. Uliza kabla hujalipa.