Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhifadhi Maji ya Dharura Nyumbani

Mkazi wa Dar es Salaam aliyepitia mgao wa maji wa mwaka 2022, wakati kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na mabomba ya mitaa mingi kukauka, hahitaji kuelezwa kwa nini nyumba inapaswa kuwa na akiba ya maji. Jambo linalosahaulika ni kwamba maji yaliyotoka bombani yakiwa safi, au yaliyochemshwa vizuri jikoni, yanaweza kuharibika ndani ya siku mbili kwa sababu ya chombo yalimowekwa na mkono unaoyachota. Ndiyo maana chombo kinastahili kufikiriwa mapema, maji yakiwa bado yanatoka, kwa kuwa siku bomba linapokauka kila mtu hushika chochote kilicho karibu naye, hata beseni la kufulia.

Anza na hesabu ya watu na ya siku. Mashirika yanayohudumia watu katika majanga hukadiria angalau lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, na kiasi hicho kinajumuisha kunywa, kupika, kuoga na usafi wa lazima. Kwa familia ya watu watano inayotaka kujikimu kwa wiki moja, hiyo ni lita 525. Ukitenga lita 5 za kila mtu kwa ajili ya kunywa na kupika, utahitaji lita 175, yaani madumu tisa ya lita 20, na lita 350 zinazobaki zitaingia katika mapipa mawili ya lita 200. Mgawanyo huo ni muhimu kuliko jumla yenyewe, kwa sababu maji ya kunywa na maji ya chooni hayapaswi kukaa katika chombo kimoja wala kuchotwa kwa kopo moja. Nyumba isiyoweza kununua vyombo vyote kwa mara moja ianze na madumu ya kunywa, mapipa yatafuata.

Kwa maji ya kunywa, angalia kwanza mdomo wa chombo. Dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko cha kuzungusha halimruhusu mtu kuingiza mkono wala kikombe, hivyo maji hutoka kwa kumiminwa tu. Ndoo yenye mdomo mpana ni rahisi kuisafisha, lakini ndiyo inayoingizwa kikombe cha mtoto aliyetoka kucheza mchangani, kisha kikombe hicho kikaachwa kikielea ndani. Ukipenda ndoo, chagua yenye mfuniko unaobana na bomba dogo la kufungulia karibu na chini, na uiweke juu ya kigoda ili kikombe kikae chini ya bomba bila kuligusa. Kagua pia mpira unaozuia kuvuja pale bomba linapoungana na ndoo, kwa sababu uchafu hujificha hapo na ni sehemu ambayo wengi hawaifungui kuisafisha mpaka ndoo inapotupwa.

Ningependa msomaji asimame kidogo kwenye historia ya chombo, kwa kuwa hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Madumu mengi tunayochotea maji yalianza maisha yao yakiwa na mafuta ya kula, na hayo yanafaa yakioshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi utelezi wa mafuta uishe kabisa. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, petroli, dawa ya mimea au dawa ya mifugo halifai kwa maji ya kunywa hata likioshwa mara kumi, maana plastiki hunyonya kemikali hizo na kuzirudisha ndani ya maji polepole. Ndoo za rangi ya ukutani ziko katika kundi hilohilo, ingawa ni imara, zina mfuniko mzuri na huuzwa kwa bei nafuu, kwa hiyo ziachwe kwa ajili ya chooni na kudekia. Muuzaji wa madumu yaliyotumika hawezi kila mara kujua yalikotoka. Njia ninayoitumia mwenyewe ni kulijaza dumu maji ya uvuguvugu jioni, kulifunga, kisha kulifungua asubuhi na kunusa pale pale mdomoni kabla harufu haijatoka. Likinuka chochote kisichokuwa maji, halinunuliwi. Hata hivyo, kutonuka pekee si uthibitisho wa usalama, kwa hiyo kama uwezo unaruhusu nunua dumu jipya lililotengenezwa kwa ajili ya maji au chakula. Chini ya chombo tafuta alama ya pembetatu ya mishale, kwani namba 2 na namba 5 ndizo plastiki ngumu zinazotumika sana kuhifadhi maji na vyakula. Namba hiyo hukuambia aina ya plastiki tu, haikuambii chombo kilibeba nini jana.

Mapipa na matenki yana mambo yake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo pipa lililojaa ni kilo 200 na tenki la lita 1,000 ni tani nzima, mzigo ambao dari, roshani au mnara wa mbao uliojengwa kwa kubahatisha hauwezi kuubeba. Weka tenki juu ya msingi ulio sawa unaoshika kitako chake chote, kwa sababu tenki lililokaa juu ya mawe machache hupasuka kwenye kitako. Chagua lisilopitisha mwanga, kwani mwanga wa jua ndio unaokuza ule ukijani unaoteleza kwenye kuta za ndani, na kama madumu yako ni meupe yaweke ndani ya nyumba, penye kivuli, mbali na jiko la mkaa na dawa za kuulia wadudu.

Pipa lisilo na mfuniko lina hatari nyingine mbili. Ya kwanza ni mtoto mdogo anayechungulia na kutumbukia, na kwa sababu hiyo pekee pipa lililo wazi halipaswi kuwapo katika nyumba yenye watoto. Ya pili ni mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyu hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Sugua kuta za pipa kwa brashi ngumu kila wiki, na mfuniko usipobana vizuri funga kipande cha chandarua kwa kamba chini yake.

Usafi wa dumu ni mgumu kwa sababu brashi haipiti mdomoni. Tia mchanga safi uliooshwa, au kokoto ndogo, pamoja na maji kidogo ya sabuni, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu huku ukiligeuza pande zote, kisha suuza hadi maji yatoke maangavu. Mulika ndani kwa tochi ya simu, na ukiona utando wa kijani pembeni mwa mshikio, rudia. Baada ya hapo changanya vijiko viwili vya chai vya jiki ya kawaida isiyo na manukato katika lita moja ya maji, zungusha ili iguse kila sehemu pamoja na kifuniko, mwaga, suuza kwa maji safi na uache dumu likauke likiwa limeinamishwa. Usichanganye jiki na dawa ya kusafishia choo wala siki, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Ukitumia vidonge vya kutibu maji, soma kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu, na maji hayo husubiri dakika 30 kabla ya kunywewa. Maji yenye tope yaachwe yatuame na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza, la sivyo dawa huishia kwenye tope. Andika tarehe ya kujaza kwenye kipande cha plasta ubavuni mwa kila dumu, tumia la zamani kwanza, na ujaze upya kila wiki mbili au tatu hata kama mgao haujatokea.

Maji yanaporudi baada ya siku nyingi, usikimbilie kujaza madumu ya kunywa. Bomba lililokaa bila msukumo huweza kuvuta uchafu wa nje kupitia nyufa zake, na maji ya kwanza mara nyingi hutoka na kutu na tope. Yaelekeze kwenye pipa la chooni, subiri hadi yaonekane maangavu ndani ya glasi nyeupe, kisha ndipo ufungue kifuniko cha dumu la kwanza.