Vunjajungu kwenye mlimau: jinsi ninavyoikata na kuihariri picha ya mdudu

Picha ya mfano niliipiga kwa simu saa moja na nusu asubuhi, kwenye mlimau ulio nyuma ya nyumba. Vunjajungu wa kijani, urefu wake kama kidole cha kati, amekaa ubavu juu ya tawi akitazama kulia. Ukiifungua picha nzima, kinachokupokea kwanza ni ndoo nyekundu ya kufulia iliyoko nyuma kushoto, kisha kamba ya nguo. Mdudu unamwona baadaye, tena baada ya kuambiwa yupo.

Nilipigia mbali kidogo. Kwetu tulikua tukiambiwa kwamba ukimgusa vunjajungu, chungu utakachoshika baada ya hapo kitakuponyoka kivunjike, na jina lake limetokana na hilo. Basi nikaheshimu. Kazi iliyobaki ni ya kuhariri, nami natumia Snapseed, programu ya bure ya simu. Ukiwa na GIMP kwenye kompyuta, mpangilio ni huuhuu.

Hatua ya 1: Kagua jicho

Kabla ya kugusa chochote, kuza picha uangalie jicho la mdudu. Kama lina ukungu, achana na picha hiyo, chukua nyingine. Mguu ukififia, watu watasamehe. Jicho likififia, hakuna programu itakayokuokoa. Siku ile nilipiga picha 11, na zenye jicho kali zilikuwa 2 tu.

Utaona kitone cheusi ndani ya jicho la vunjajungu, kama mboni inayokutazama. Si mboni. Jicho lake limeundwa kwa vijicho vingi vidogo, na vile vilivyoelekea kwako moja kwa moja vinameza mwanga badala ya kuurudisha, ndiyo maana vinaonekana vyeusi. Nakutajia mapema kwa sababu nimeshaona mtu akikifuta akidhani ni uchafu.

Hatua ya 2: Fanyia kazi nakala

Ile ya asili usiiguse. Kama umetumiwa picha kwa WhatsApp, omba itumwe tena kama dokyumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora njiani.

Hatua ya 3: Kata

Hapa ndipo picha nyingi za wadudu zinapoharibikia, na yangu nayo iliharibikia hapa mara ya kwanza. Picha nzima ilikuwa na pikseli (vitone vidogo vinavyoiunda picha) 4000 kwa 3000. Vunjajungu mwenyewe, toka ncha ya kipapasio hadi ncha ya tumbo, alichukua kama pikseli 1100 za upana. Kwa uroho nikakata hadi 1300 kwa 975 ili ajae. Akajaa kweli, kama mtu aliyefungiwa kabatini: kipapasio kimegusa ukingo, mguu mmoja wa nyuma umekatwa kwenye kifundo.

Nikarudi nyuma, nikakata 2000 kwa 1500. Hapo mdudu ana pikseli 1100 zake na zinabaki 900 za kugawa. Usizigawe nusu kwa nusu. Vunjajungu hugeuza kichwa na kutazama kitu, kwa hiyo mpe nafasi upande anaotazama: niliacha 300 nyuma ya tumbo na 600 mbele ya uso. Tatizo likawa ndoo. Ukingo wake ulichungulia kushoto, utepe mwekundu mwembamba, na jicho la mtazamaji likikutana na wekundu kwenye picha ya kijani haliondoki. Nikasogeza fremu kulia hadi nyuma zikabaki 200 na mbele 700. Ndoo ikatoka.

Tawi lilikuwa limeinama kidogo. Nililiacha. Matawi huinama, na kila ukizungusha picha unapoteza pembe zake.

Ujue pia unachobakiwa nacho. Pikseli 2000 kwa 1500 zinatosha mtandaoni, na zinatosha kuchapisha sentimita 15 kwa 10, ambayo kwa ubora mzuri inataka kama 1800 kwa 1200. Karatasi ya A4 inataka karibu 3500 kwa 2480, hivyo kwa hii usijaribu.

Hatua ya 4: Mwanga

Jua la asubuhi lilimpiga mgongoni, bawa likang'aa. Nilishusha sehemu zenye mwanga mkali hadi -30 na kuinua vivuli hadi +20, mishipa ya bawa ikarudi. Pale palipoungua kabisa na kuwa peupe hapatarudi. Ukishusha zaidi patageuka kijivu tu.

Kisha nuktisha. Ndani ya Snapseed unaweza kuweka nukta mahali pamoja na kubadilisha eneo hilo peke yake. Ukubwa wake unaurekebisha kwa vidole viwili. Niliweka moja kichwani, mwangaza +15, na moja kwenye jani kubwa la nyuma, mwangaza -20. Halafu finya macho uitazame picha. Kichwa kikiwa ndicho cha kwanza kuonekana, inatosha.

Hatua ya 5: Rangi

Mdudu kijani, majani kijani. Mkono utakuwasha uongeze ukolezo wa rangi, na vyote viwili vitapanda pamoja hadi upate vunjajungu wa plastiki. Fanya kinyume: punguza ukolezo wa majani ya nyuma kwa nukta ileile ya hatua ya 4, mdudu atajitokeza bila kuguswa.

Kama unataka kuipeleka iNaturalist, mtandao ambako watu hutambua viumbe kwa picha, ili wakutambulie aina ya mdudu, peleka yenye rangi ya asili. Wanaokusaidia hutegemea rangi na alama za mwilini.

Hatua ya 6: Kufuta uchafu

Jani lilikuwa na doa jeupe la kinyesi cha ndege. Nikalifuta kwa chombo chenye alama ya plasta, kwa mguso mmojammoja baada ya kukuza picha. Karibu na vipapasio nenda taratibu: niliteleza kidogo, kimoja kikakatika katikati, ikabidi nirudishe hatua nyuma. Mwilini mwa mdudu sifuti kitu. Miiba ya miguu ya mbele ni yake, anakamatia mawindo.

Hatua ya 7: Ukali, mwisho kabisa

Ukianza na ukali, kila hatua inayofuata itazidisha makosa yake. Mimi huweka kati ya 15 na 20, basi. Picha yangu ya kwanza ya mdudu niliipandisha hadi 60 kwa sababu kwenye kioo cha simu ilipendeza. Ilipotoka studio kwenye karatasi, kila mguu ulikuwa na mstari mweupe pembeni na nyuma kumejaa chenga. Studio haikuwa na kosa. Sasa nakuza, naangalia ukingo wa mguu na lile eneo laini la nyuma, na mstari au chenga vikianza kuonekana narudi chini kidogo.

Hifadhi kama nakala mpya, kisha iache hadi kesho yake. Hii ya mlimau nilipoifungua asubuhi niliona nimetia giza mno lile jani la nyuma, nikalirudisha kutoka -20 hadi -12.