Waya upi unapiga kelele? Feraiti za kubana kwenye kupima mawimbi

Wadau, kile kivimbe kigumu kwenye waya wa chaja ya laptop, ndani yake kuna feraiti, kauri yenye chuma inayozuia kelele, yaani mawimbi ya redio yanayovuja kupitia waya. Zipo na za kubana, zina kikopo cha plastiki, unafungua unalaza waya unafunga inalia "ta". Hizo ndo nazoongelea.

Mi natengeneza kontrola za pampu kwa wakulima wa zabibu huku Hombolo. Kuna mteja nilimfungia moja, pampu ikiwaka tu redio yake ya FM inaanza kukoroma, nikajua bodi mbovu, nikabadili pawa saplai, wapi. Kumbe ni waya wa sensa, mita 1.5, na urefu huo ni nusu ya wimbi la 100 MHz yaani uko ndani kabisa ya FM, umekuwa antena nzuri kuliko ya redio yenyewe.

Sasa fanya hivi. Kifaa kikiwa kimezimwa angalia kwanza hewani kuna nini, maana stesheni za FM na minara ya simu zitajitokeza na usije ukahangaika nazo. Mi natumia kidude cha SDR cha USB (redio inayochomekwa kwenye kompyuta, inakuonyesha nguvu ya mawimbi) na antena ya kawaida, hakikupi namba ya kupeleka maabara wanakopima kelele za vifaa ila kulinganisha kabla na baada kinatosha sana. Waya zibandike na tepu kwenye meza ya mbao, kwa sababu ukiisogeza tu waya namba inabadilika af utadhani feraiti imefanya kazi kumbe ni mkono wako. Washa, andika namba ya nguvu ya kelele. Halafu chomoa waya mmoja mmoja, ule usiochomoleka ndo ubane feraiti, hapo hapo unapotoka kwenye boksi, sio katikati. Kelele ikishuka umempata.

Pitisha waya zote za kebo hiyo kwa pamoja, wa kwenda na wa kurudi. Ukibana mmoja tu wa pampu, umeme wa mota unaishibisha feraiti na haizuii kitu tena. Na futa zile nyuso mbili zinazokutana kabla ya kufunga, vumbi letu la Dodoma mnalijua, punje moja tu inaacha upenyo na nguvu ya feraiti inapungua, hili limenila jioni nzima.

Halafu msirundike. Chukulia njia ya kelele ina ukinzani wa ohm 150 na feraiti ina ohm 150, mkondo unakuwa nusu, kelele imeshuka desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha kupanda na kushuka kwa kelele). Ongeza ya pili kama hiyo unapata kama 3.5 tu juu yake, ya tatu hata usiiongelee. Kuzungusha waya mara mbili kwenye tundu kunasaidia kelele za masafa ya chini, ohm zinapanda kama mara nne hivi, ila kwenye masafa ya juu kelele inaruka kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine. Dukani uliza ohm zake kwenye 100 MHz, usinunue kwa ukubwa wa umbo.

Maabara utakuta wao wana klampu zao sakafuni, waya zinapoteremka kutoka mezani, zile ni za kufanya vipimo visibadilike kwa sababu ya kilichoko nje ya chumba, usizihesabu kama zako. Zako ni zile ulizobana wewe kwenye bidhaa, na ukifaulu vipimo nazo basi kila unachouza lazima kitoke nazo, piga hesabu ya hela mapema.

Yule wa Hombolo nilimbania moja mlangoni mwa boksi na kebo tai isiteleze, redio ikatulia. Bodi zilizofuata nikaweka kapasita ndogo ya kuzuia kelele pale waya wa sensa unapoingilia, feraiti zimebaki kwenye droo za kutafutia wengine.