Jua, kuni na umeme kwenye tangi moja la maji ya moto

Mpangilio huu unafaa nyumba ya watu watano au sita sehemu za baridi kama Limuru, Kenya, ambako ukungu wa Juni hadi Agosti huiacha paneli ya jua ikitoa maji ya vuguvugu tu. Tangi ni la lita 200. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzijoto 18 hadi 55 hula uniti 8.6 hivi za umeme, kwa hiyo jua litangulie, kuni zifuate, umeme uje mwisho.

1. Paneli. Ielekee kaskazini, mwinamo wa digrii 15. Sehemu ya chini ya tangi iwe sm 30 au zaidi juu ya ukingo wa juu wa paneli, la sivyo usiku maji ya moto yatarudi kupoa kwenye paneli. Paneli za mirija ya vioo huhimili mawingu vizuri zaidi, lakini hapa kuni zipo za kufidia. Chukua paneli bapa ya shaba, hudumu.

2. Bousta ya kuni. Hiki ni kipasha maji kinachowashwa kwa kuni. Ikae chini ya tangi. Mabomba mawili ya inchi 1, ya shaba, yapande mfululizo bila kuinama popote. Bomba la plastiki la PPR lisikaribie moto.

3. Bomba la kupumulia. Kazi nyingi huharibikia hapa. Kuni hazina swichi: maji yakichemka, mvuke lazima upate njia. Toa bomba la robo tatu inchi juu kabisa ya tangi, lipande wima, lisiwe na vali yoyote. Maji ya moto ni mepesi, hivyo ndani ya bomba hili husimama juu kuliko uso wa maji kwenye tangi la maji baridi linalolisha hili la moto. Pima kimo kutoka bousta hadi uso huo; kwa kila mita weka sm 4, kisha ongeza sm 15. Kimo cha mita 5 kinataka sm 35 juu ya uso wa maji baridi. Bomba likiwa fupi litadondosha maji kila moto ukiwaka, na fundi mvivu atalifunga kwa plagi. Hapo tangi linaweza kupasuka. Dawa ni kulirefusha, au kushusha boya la tangi la baridi ili uso wa maji yake ushuke. Mdomo uelekee paani pasipopita watu, si ndani ya tangi la baridi la plastiki, ambalo hulainika kwa maji ya moto.

4. Koili ya umeme. Kilowati 3, kwenye theluthi ya juu ya tangi, thamostati (kidhibiti joto) nyuzijoto 60. Hupasha lita 65 hivi kwa saa moja. Taima iwashe saa 11 jioni, izime saa 1 usiku. Ukiwasha alfajiri, jua litakuta maji yameshapata moto na litapotea bure.

5. Vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi. Kuni zaweza kufikisha nyuzijoto 90, na hiyo huunguza ngozi ya mtoto papo hapo. Ifunge kwenye bomba linalotoka tangini, uiweke nyuzijoto 45. Shawa ya umeme ya bafuni ibaki kwenye maji baridi: nyingi hazikuundwa kupokea maji yaliyokwisha pashwa.

Usiwashe kuni kabla maji hayajatiririka kwenye mfereji wa maji ya moto ulio juu kabisa nyumbani.