Somo: Kutengeneza oksijeni na kuchoma vitu ndani yake

Oksijeni yenyewe haiungui. Anzeni hapo, maana wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuandika kinyume chake. Kinachoungua ni mkaa, mafuta au chuma. Oksijeni huungana nacho, na joto hutoka kwenye muungano huo. Hewa ina oksijeni asilimia 21 tu. Asilimia 78 ni naitrojeni, ambayo haisaidii mwako na bado hunyonya joto lake.

Vifaa vinapatikana Dodoma mjini bila maabara kubwa: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 kutoka duka la dawa (ml 50), manganizi dayoksaidi (unga mweusi, kichocheo kinachoharakisha peroksaidi kuachia oksijeni) nusu kijiko cha chai, chupa ya ml 250, mpira wa dripu, bomba la sindano la ml 20 lisilo na sindano, beseni la maji, na chupa nne za jemu za ml 250. Kizibo chongeni kwenye soli ya kandambili, mkitoboe matundu mawili. Soli hubana vizuri kuliko gunzi la mahindi, ambalo huvujisha gesi.

1. Weka manganizi dayoksaidi ndani ya chupa pamoja na maji kijiko kimoja. Funga kizibo. Tundu moja ni la mpira wa dripu, jingine la bomba la sindano.

2. Jaza chupa za jemu maji, zipindue ndani ya beseni. Ncha ya mpira ipitishe chini ya mdomo wa kila moja kwa zamu.

3. Sukuma peroksaidi ml 10 kila mara, usubiri povu litulie. Ukimimina yote kwa pamoja chupa hupata moto, povu hupanda mpaka kwenye mpira na kizibo huruka. Vaa miwani, peroksaidi ikigusa ngozi huifanya nyeupe na kuwasha, osha mara moja.

4. Chupa ya kwanza ya gesi imwage. Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya chombo. Tatu zinazofuata ndizo zako.

5. Toa mpira majini kabla mapovu hayajakoma, la sivyo chupa ikipoa itavuta maji.

6. Funika kila chupa kwa kipande cha kioo ikiwa bado majini, kisha isimamishe mdomo juu. Oksijeni ni nzito kidogo kuliko hewa, haikimbii haraka.

Kati ya hizo tatu, ya kwanza jaribu kwa njiti iliyozimwa ikabaki na kaa jekundu. Itawaka tena ghafla. Chupa hiyohiyo tumbukiza kipande cha mkaa kilichokolea, kimefungwa kwenye waya: wekundu hugeuka kuwa mweupe.

Ya pili ni ya stilwaya, ile laini kama nywele inayoota kutu. Acha maji sentimita 2 ndani ya chupa, maana matone ya chuma kilichoyeyuka hupasua kioo. Washa ncha kwa kiberiti, ingiza. Cheche hutawanyika, na kinachobaki ni vipunje vyeusi vinavyovutwa na sumaku. Ukivikusanya vyote na kuvipima, vina uzito zaidi kuliko stilwaya ya mwanzo. Nyongeza hiyo ni oksijeni.

Ya tatu ni ya salfa, kiasi cha punje ya mahindi. Fanyeni nje, upande upepo unakotoka. Moshi wake hubana kifua, mwenye pumu akae mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

Mpwapwa: Mwalimu, shikamoo. Njiti yangu haikuwaka.
Marahaba. Ama hukumwaga chupa ya kwanza, ama peroksaidi imelala sana dukani. Ikikaa juani huachia oksijeni yake yote ikabaki maji. Nunua iliyo kwenye chupa ya rangi.

Kongwa: Unga mweusi wa betri kuukuu unafaa badala ya manganizi dayoksaidi?
Kwa peroksaidi, unafaa. Kamwe usiuchanganye na potasiamu kloreti (kemikali nyingine ya kutengenezea oksijeni) ukachemsha: una kaboni ndani, mchanganyiko hulipuka.

Kondoa: Dodoma tuko juu, mita 1,100 hivi. Ndiyo sababu maharage hayaivi upesi?
Asilimia ya oksijeni ni ileile 21, ila hewa ni nyepesi, hivyo kila lita ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya nane kuliko Dar es Salaam. Jiko hulipa kwa kupepewa. Maharage huchelewa kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100.

Bahi: Usiku wa Julai baridi ni kali. Jiko la mkaa ndani, mlango ukiwa umefungwa, ni sawa?
Hapana, ndugu yangu. Oksijeni ikipungua mkaa hutoa kabonimonoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Ule mwali wa buluu juu ya mkaa ni gesi hiyo ikiungua. Mwali ukitoweka, gesi inaingia chumbani. Toa jiko nje kabla ya kulala, hata kama ni majivu yenye kaa chache.

Chamwino: Manganizi dayoksaidi tuimwage?
Usimwage. Chuja kwa kitambaa, anika, uitumie tena. Ni kichocheo, haipungui.