Ukitaka Kufuga Jofishi Tanga, Anza na Dumu la Maji

Kazi yangu ya kila siku ni mabwawa ya mwatiko na vizimba vya kaa, na wengi hapa Tanga wananijua kwa jina la Bwana Samaki bila kujua jina alilonipa baba. Siku hizi simu za jioni si za mabwawa tu. Wapo waliojiwekea bahari ndogo sebuleni: tangi la kioo, mawe, matumbawe mawili matatu, taa ya buluu. Na wakishaona video za jofishi, basi, roho haitulii mpaka wampate. Ni samaki mwenye kichwa kikubwa, macho yaliyotokeza mbele na mdomo kama mfuko. Anajichimbia shimo kwenye mchanga, kisha anakaa mlangoni akichungulia wapita njia kama mzee barazani.

Juzi mama mmoja wa Chumbageni alinipigia. "Bwana Samaki, samaki wangu leo siku ya nne hatoki shimoni. Hali wala hachungulii." Nikamuuliza, umepima chumvi? Akacheka. "Chumvi ya nini tena, baba, na maji yenyewe ya baharini?"

Nilikwenda na kipimo changu. Kilisoma 40, yaani gramu 40 za chumvi kwa kila kilo ya maji, wakati maji ya bahari yanatakiwa yasome 35 hivi. Nikamuuliza maji yakipungua anaongeza nini. Akanionyesha dumu la maji ya bahari nyuma ya mlango.

Hapo ndipo wengi wetu wa pwani tunapojikwaa. Maji yanapokauka, kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Tangi lake ni la lita 200 na lina feni juu, kwa hiyo linapoteza kama lita 3 kwa siku. Kila lita ya maji ya bahari aliyoongeza ilikuwa na gramu 35 za chumvi. Piga hesabu: gramu 105 kwa siku, na kwa siku kumi ni zaidi ya kilo nzima ya chumvi ambayo haikuwa na pa kwenda. Kinachokauka hufidiwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni ya kubadilishia, yaani unatoa kiasi fulani cha maji ya tangi na kurudisha kiasi kilekile.

Chumvi hatukuishusha kwa pigo moja. Kila siku alitoa lita 5 za tangi akarudisha lita 5 za maji baridi, akiyamimina polepole kwenye mkondo wa pampu, nacho kipimo kikashuka nukta moja moja. Siku ya tano kilisoma 35. Siku ya sita jofishi akatema mchanga mlangoni. Mama akanitumia picha.

Kipimo chenyewe kiwe kile cha kuchungulia kwa jicho, rifraktomita, na usikiamini kwa sababu tu ni kipya. Pima gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani, iyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji yasiyo na madini. Mchanganyiko huo unatakiwa usome 35. Kisiposoma hivyo, kirekebishe kwa skrubu yake.

Kuteka maji

Mfugaji wa Dodoma analazimika kununua chumvi ya pakiti na kuikoroga. Sisi tuna bahari, lakini ghuba ya Tanga haina maji ya aina moja mwaka mzima. Masika yakichanganya, Mto Sigi unashusha maji ya milima ya Usambara Mashariki hadi baharini, na rangi ya ghuba inakuwa ya chai ya maziwa. Ukiteka siku hiyo umeteka chumvi pungufu, tope, na chochote kilichooshwa mashambani. Karibu na bandari kuna mafuta ya vyombo. Karibu na midomo ya mitaro ndiyo kabisa usisogee.

Mpe mvuvi madumu akutekee nje ya ghuba, maji yakiwa yamejaa, siku kadhaa baada ya mvua kukatika, na isiwe siku ambayo kusi inatibua mchanga. Huna mvuvi? Ncha ya Raskazone maji yakijaa ni afadhali kuliko fukwe za ndani. Dumu liwe lililobeba maji tu. Lililowahi kubeba dizeli au dawa ya shamba halioshwi likatakata, hata ulisugue kwa mchanga siku nzima.

Ukifika nyumbani, chuja kwa kanga kuukuu iliyosuuzwa mpaka isiwe na chembe ya sabuni. Weka maji kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, gizani, na pampu ndogo ya hewa, wiki mbili hadi tatu. Viumbe wadogo walioingia hufa na kutuama, na vimelea vingi vikikosa samaki wa kujishikiza haviishi muda mrefu. Nyonya maji ya juu kwa mpira, tope la chini mwaga. Pima chumvi kabla ya kutumia.

Na maji baridi ya kufidia? Ya bomba yana klorini ya kuulia vijidudu, na pengine madini usiyoyataka. Ya mvua yangekuwa mazuri, lakini nyumba zetu nyingi ni za mabati, na zinki ya bati jipya ni sumu kwa matumbawe, konokono na kamba. Ya kiyoyozi nayo hupita kwenye mabomba ya shaba, na shaba kwa viumbe hao ni mbaya zaidi. Mimi hununua maji ya betri. Soma lebo vizuri: unataka maji yaliyoondolewa madini. Chupa ya pembeni yake inaweza kuwa tindikali, na zinafanana kama mapacha.

Akiba ya alikali

Wanaoanza hupenda kupima pH, yaani kiwango cha tindikali na alikali majini, kila saa kama wanaopima sukari. pH ya tangi la bahari inatembea: asubuhi chini kidogo, alasiri juu, kwa sababu usiku mimea midogo inapumua na kutoa hewa ukaa, na mchana inaitumia. Ikiwa kati ya 7.8 na 8.4, acha. Ikiwa inakaa chini siku nzima, kabla hujanunua kemikali fungua dirisha. Sebule iliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi, ikiwa na watu sita wanaotazama mpira, imejaa hewa ukaa, nayo huingia majini. Upepo wa Tanga ni wa bure.

Cha kupima kwa bidii ni akiba ya alikali, yaani uwezo wa maji kuizuia pH isishuke, ile inayoandikwa KH kwenye vipimo vya matone. pH ni kama bei ya sokoni leo, na KH ni gunia lililoko ghalani. Maji ya bahari yana KH ya 7 hivi, na tangi la matumbawe hukaa vizuri kati ya 7 na 11. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Matumbawe yakijenga mifupa yake hula KH na kalsiamu kwa pamoja, lakini kwa vipimo visivyolingana: KH ikishuka kwa 2.8, kalsiamu imeshuka miligramu 20 tu. Kwa hiyo KH ndiyo inayokuonyesha upungufu kwanza. Ukisubiri kalsiamu ikwambie, umechelewa.

Kwa tangi la lita 200, gramu 6 za bikaboneti ya sodiamu safi hupandisha KH kwa nukta moja. Yeyusha kwenye kikombe cha maji yasiyo na madini, mimina pole pole penye mkondo, na usizidishe nukta moja kwa siku. Bikaboneti ni ile ya dukani ya kuokea isiyochanganywa na kitu kingine. Magadi ya kupikia maharage hapana, yana udongo na mengineyo.

Kuna wanaotumia maji ya chokaa safi (hidroksidi ya kalsiamu), na ni njia nzuri kwa sababu inaleta kalsiamu na alikali kwa uwiano ambao matumbawe huvitumia. Chokaa inayoyeyuka kwenye lita moja ya maji ni gramu 1.7 tu, inayobaki hutuama chini. Tumia maji maangavu ya juu, yadondoshe tone kwa tone usiku, wakati pH iko chini, badala ya maji baridi ya kufidia. pH ya maji hayo inazidi 12, hivyo yakimwagika kikombe kizima kwa mara moja utakuta maziwa kwenye tangi na samaki juu ya maji. Na chokaa ya ujenzi iache kwa wajenzi. Hata ile ya tambuu ya bibi, pamoja na heshima zake zote, hujui imechanganywa na nini.

Amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, nitaipitia haraka, maana mfugaji yeyote ameshaisikia. Tangi jipya lisubiri wiki nne hadi sita bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati wajijenge kwenye mawe na mchanga, mpaka amonia na nitriti vyote visome sifuri. Mtu wa mwatiko asijidanganye na uzoefu wa bwawani: kwenye pH ya bahari na joto letu, amonia ileile ina sumu zaidi kuliko kwenye maji yenye pH ya chini. Baada ya hapo badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki na nitrati haitakusumbua.

Joto ndilo linalotuua Machi. Maji ya bahari yakiwa nyuzi 25 hushika kama miligramu 6.75 za oksijeni kwa lita, yakifika 30 ni 6.2. Pungufu linaonekana dogo, lakini samaki wa maji ya moto anahitaji oksijeni nyingi zaidi, si kidogo. Lenga 25 hadi 27. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi, na ndiyo inayokula lita zako za kufidia. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ni muhimu kuliko taa.

Nyumba ya jofishi

Jofishi wanaouzwa sana ni wale wenye kichwa cha manjano kutoka Karibi, wa urefu wa sentimita 10 hivi, ingawa jamii yao wapo pia kwenye Bahari ya Hindi yetu. Anachotaka ni kina. Mchanga uwe sentimita 12 hadi 15 angalau upande mmoja wa tangi, na usiwe laini mtupu, maana shimo la mchanga laini huporomoka. Changanya mchanga, changarawe, vipande vya makombe, vijiwe vya ukubwa wa punje ya hindi mpaka wa kunde mbichi. Yeye mwenyewe atachagua. Nimekaa mbele ya tangi nikimtazama mmoja akijaribu kombe moja mlangoni mara nne: analichukua kwa mdomo, analigeuza, analitema, anarudi nalo. Jioni alivuta jiwe akafunga mlango na kulala.

Mawe makubwa yasimame kwenye kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, fundi huyu atachimba chini yake na jiwe litamwangukia yeye au kioo. Mawe yasitoke kwenye mwamba hai. Kuvunja matumbawe ni kosa kisheria, na Tanga tumeshapoteza ya kutosha kwa uvuvi wa mabomu. Mawe ya matumbawe makavu yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi yanafaa, yakiloweshwa wiki kadhaa kwa kubadilisha maji na kupimwa fosfati. Na ukitaka samaki wa kwetu, pitia kwanza kwa afisa uvuvi wa halmashauri, hasa kwa kuwa sehemu ya pwani hii iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu 2009.

Mchanga mzito usiuchokonoe wote kwa siku moja. Chini huwa mweusi na una harufu ya yai viza, kama tope la mikoko, na hewa hiyo ikitoka kwa wingi inaua.

Sasa mfuniko. Jofishi anaruka, hasa siku za mwanzo na taa inapozimwa ghafla. Wangu wa kwanza nilimwokota nyuma ya jokofu, mkavu kama dagaa wa kukaanga, na nafasi aliyopitia haikuzidi vidole viwili. Tangu siku hiyo nafunika kwa wavu wa matundu madogo uliokazwa kwenye fremu ya mbao. Kioo kinafunga joto na hewa, wavu hauna shida hiyo. Taa ya sebuleni nayo iache ikiwaka nusu saa baada ya ya tangi kuzimwa, giza limkute taratibu. Usimweke na chewa wala kikande. Mmoja atammeza, mwingine atambomolea nyumba.

Chakula ni kidogo kidogo, mara mbili tatu kwa siku, kamba wadogo waliogandishwa, kimwagwe karibu na shimo lake kwa sababu hapendi kwenda mbali. Akiacha kula ilhali vipimo vyote viko sawa na taya zimevimba, mtazame vizuri kabla ya kunipigia. Kwa jofishi dume ndiye anayebeba mayai mdomoni, kwa wiki moja hivi. Utaona anayatoa kidogo, anayageuza, anayarudisha. Usimmulike tochi, na kubadilisha maji kungoje mpaka amalize.